Je, Alijitakia?

Anapozikwa kijana aliyeuawa na pombe, kuna maneno mawili ambayo hayakosi kusikika matangani. La kwanza husemwa kwa sauti ya chini na watu waliokaa mbali kidogo na wafiwa: "Kajitakia." La pili husemwa na wazee, huku wakitikisa vichwa: "Ile ni ya ukoo. Hata babu yake alikwenda hivyo hivyo." Nimekaa katika matanga ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara nimestaajabu jinsi maneno hayo yanavyoketi kwenye jamvi moja bila kugombana, ilhali yanapingana. Kama alijitakia, ukoo hauhusiki; na kama ni ya ukoo, basi hakujitakia. Hata hivyo msemaji wa hili humwitikia msemaji wa lile, "Ndiyo hivyo, ndugu yangu," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Nimekuja kuona kwamba yanapatana katika jambo moja tu: yote mawili humwacha msemaji akiwa safi. Lawama ikiwa ya marehemu, mimi simo. Lawama ikiwa ya damu yake, pia simo. Ni swali hilo la kuwamo na kutokuwamo ninalotaka kulichungulia hapa, maana naamini lina uzito katika kuamua kama kijana wa pili naye atazikwa.

Wataalamu wa afya huleta neno la tatu. Wao hawasemi kosa wala laana, husema "vihatarishi". Fikra yenyewe haikuzaliwa kwenye pombe bali kwenye moyo. Mwaka 1948, huko Framingham, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, madaktari walianza kuwafuatilia maelfu ya watu wazima ili waone ni nani atapatwa na ugonjwa wa moyo, na alikuwa na nini kabla hajapatwa. Ilipofika mwaka 1961 walikuwa wakizungumza waziwazi juu ya mambo yanayotangulia ugonjwa na kuuongezea nafasi, kama vile shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu. Baadaye hesabu ya namna hiyo ikapelekwa kwenye tabia za vijana. Mwaka 1992 Wamarekani watatu, Hawkins, Catalano na Miller, walichapisha makala iliyokusanya mengi yaliyokwisha kujulikana juu ya yale yanayomsogeza kijana kwenye pombe na dawa za kulevya, na yale yanayomkinga.

Kihatarishi si sababu kamili. Wingu jeusi si mvua. Lakini mwenye akili akiliona huanua nguo.

Orodha ya mambo hayo si siri, na mtu yeyote aliyelea watoto angeweza kuiandika nusu yake bila kusoma chuo kikuu. Nyumba yenye ugomvi au isiyo na mwangalizi; marafiki wanaokunywa; kushindwa shuleni na kuona shule haina maana; huzuni isiyosemwa; kupigwa au kudhalilishwa utotoni; muda mtupu usio na kazi; pombe iliyo karibu na ya bei rahisi; wakubwa wanaocheka wanapomwona mtoto akilamba povu la bia. Na damu. Katika hili wazee wa matangani hawakukosea kabisa: uchunguzi wa mapacha na wa watoto waliolelewa na wasiowazaa umeonyesha kwamba urithi unachangia karibu nusu ya tofauti iliyopo baina ya watu katika kunaswa na ulevi. Wahenga wetu walikwisha kuubishania mgogoro huu zamani. Mmoja alisema mwana wa nyoka ni nyoka. Mwingine akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wote wawili tumewatunza, na kila mmoja tunamtoa kabatini siku anapotufaa.

Lakini hata damu haifanyi kazi yake kama tunavyodhani. Daktari Marc Schuckit wa California aliwafuatilia vijana wa kiume, baadhi yao wakiwa watoto wa walevi, na mwaka 1994 akatangaza alichokiona. Waliokuwa hatarini zaidi ya kuwa walevi miaka kama kumi baadaye hawakuwa wale wanaolewa haraka. Walikuwa wale ambao, walipokuwa na miaka ishirini hivi, pombe haikuwashitua sana. Msomaji na atafakari hapo kidogo. Yule kijana anayeshangiliwa na wenzake, "Huyu haimpandi!", yule anayebeba wenzake kuwarudisha nyumbani, ndiye ambaye mwili wake haumpigii kengele ya kumwambia inatosha. Sisi tunaita uanaume kile ambacho ni kengele iliyokatika.

Kisha kuna umri. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na nafasi mara nne ya kunaswa na pombe maishani kuliko walioanza baada ya kutimiza 20. Wapo wanaobisha, na hoja yao ni ya haki: huenda si kuanza mapema kunakoleta ulevi, bali taabu ile ile iliyomsukuma mtoto kuanza mapema ndiyo inayomsukuma hata ukubwani. Sidhani kama ubishi huo unatuondolea chochote. Katika hali zote mbili, mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye kopo mkononi ni habari inayotuhusu.

Mimi niliishi miaka kadhaa ya tisini katika mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kule ambako mvua ikianza mianzi hugemwa na ulanzi hujaa madumu kando ya barabara. Ulanzi wa siku ile, ambao bado ni mtamu na haujakomaa, hunywewa na kila mtu, hata watoto, na hakuna anayeuona kuwa ni pombe. Kesho yake ni kitu kingine. Hapo hapo kuna komoni, pombe ya nafaka, ambayo haingoji msimu.

Jirani yangu alikuwa mama mjane aliyepika komoni. Alikuwa na wana wawili waliopishana miaka miwili. Nyuma ya nyumba palikuwa na kilabu chake: mabenchi manne, paa la nyasi, na pipa. Wale wavulana wakitoka shule waliteka maji, walipasua kuni, na jioni waliwapelekea wateja makopo. Kila siku walisikia mazungumzo ya walevi, wakaona wanaume waliowaita baba wakianguka. Na kila muhula ulipoanza, mama yule alifungua kitambaa alichofundikia fedha zake, akahesabu noti zenye harufu ya pombe, akalipa ada. Siku hizi ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne haipo, ilifutwa mwaka 2016. Wakati ule ilikuwapo, na hakuna mwingine ambaye angeilipa.

Siku moja mkubwa mmoja wa kanisa alimwambia mbele yangu kwamba anawaharibu watoto. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye kanga akasema, "Baba, hii ndiyo inayowaharibu, na hii ndiyo inayowasomesha. Ukinionyesha nyingine, hii naimwaga leo." Mkubwa yule aliitazama saa yake. Mimi pia sikuwa na nyingine ya kumwonyesha, wala serikali ya kijiji, ambayo ilichukua ushuru wa kilabu kile.

Yule mwana mkubwa akawa fundi seremala, na mpaka leo hanywi. Mdogo alianza kunywa mabaki ya makopo akiwa darasa la sita, akaacha shule kidato cha pili, akafa kabla ya kutimiza miaka thelathini. Damu moja, nyumba moja, pipa moja. Pale msibani maneno yote mawili yalisemwa, na wale waliosema "kajitakia" walimtolea mfano kaka yake aliyekuwa amesimama pale pale: "Mbona huyu hakunywa?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika jambo hili, na wenye takwimu hawawezi kulijibu, wala hawakuahidi kulijibu. Hesabu ya vihatarishi ni hesabu ya watu wengi. Inaweza kusema kwamba katika watoto mia wa vilabuni, wengi zaidi watanaswa kuliko katika watoto mia wa nyumba nyingine. Haiwezi kumnyooshea kidole mmoja na kusema, wewe. Kwa sababu hiyo namwogopa mwalimu anayeichukua orodha ile na kuwapima nayo watoto walio mbele yake: huyu baba yake mlevi, huyu mama yake ana kilabu, huyu anakaa kwa bibi. Mtoto huuona upesi uso wa mtu aliyekwisha kumkatia tamaa, na uso huo nao ni kihatarishi, pengine kilichosahauliwa katika orodha.

Niliwahi kumwuliza yule seremala, miaka mingi baadaye, yeye aliokokaje. Nilidhani atataja sala, au uamuzi aliouweka moyoni, au chuki ya harufu ya pombe. Alifikiri, akasema: "Mimi nilikuwa na pa kwenda." Alipokuwa na miaka kumi na miwili fundi mmoja wa mtaani, aliyehitaji mtoto wa kushika ubao upande wa pili wa msumeno, alimwomba kwa mama yake awe anakwenda jioni. Akaenda. Saa zile ambazo mdogo wake alikuwa akipeleka makopo, yeye alikuwa akipiga randa. Msumeno unahitaji watu wawili tu. Wa tatu hana pa kushika.

Sisemi kwamba msumeno ndio uliomwokoa. Nasema tu kwamba waliosema msibani "mbona huyu hakunywa?" hawakujua habari za msumeno, na walidhani wanalinganisha nia mbili zilizopewa nafasi sawa.

Sasa basi, je, kijana ana hiari au hana? Kuna watu wakisikia habari za vihatarishi hukasirika. Husema tunawatafutia vijana visingizio. Siwalaumu. Nimewasikia vijana wenyewe wakijitetea kwa lugha hii, hata wale ambao hawajapata kuusoma utafiti wowote: "Mazingira, mzee. Hakuna ajira. Maisha magumu." Kijana anayeamini kwa dhati kwamba mazingira ndiyo yanayonyanyua kopo hadi mdomoni mwake amepoteza kitu pekee ambacho siku moja kingemfanya aliweke chini. Wote niliowajua walioacha pombe waliacha kwa kuitwaa tena ile "mimi" yao. Walisema nilikunywa, sikunyweshwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuwa na hiari ni kumnyang'anya fimbo anayoegemea.

Hata hivyo neno hilo hilo, likitoka kinywani mwangu kumhusu yeye, hubadilika. Mimi nikisema "alikuwa na hiari", nasema kweli, lakini ni kweli isiyonigharimu hata senti. Hainitaki nijenge karakana, wala nizuie duka la karibu na shule, wala nimlipe mama mjane kwa kazi nyingine. Na yeye akisema "mazingira", naye anasema kweli, tena isiyomgharimu. Kila upande umejichukulia nusu ya ukweli iliyo laini kwake. Naona haki ingekuwa tubadilishane: kijana aibebe nusu ya hiari, maana ndiyo nzito kwake, na sisi tuibebe nusu ya vihatarishi, maana ndiyo nzito kwetu. Mtu mzima anayehubiri hiari kwa vijana, halafu akajitetea kwa mazingira panapotajwa wajibu wake mwenyewe, amejitwalia laini zote mbili.

Kwamba nusu yetu ina uzito si dhana tu. Mwaka 1998 nchini Iceland, katika wanafunzi wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 waliosema hivyo walikuwa asilimia 5. Wakubwa wa nchi ile walifanya nini? Waliwauliza watoto kila baada ya muda, wakazitazama takwimu bila kuzifunika. Sheria ya kutozurura usiku ikatiliwa mkazo: watoto wa miaka 13 hadi 16 wasiwe nje peke yao baada ya saa nne usiku majira ya baridi. Wazazi wakatia sahihi makubaliano baina yao, wakapokezana kutembea mitaani usiku. Halmashauri zikatoa fedha ili mtoto wa maskini naye aweze kulipia michezo na muziki. Pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 20.

Nchi ile ni tajiri na watu wake hawajai hata mkoa wetu mmoja mkubwa, najua. Sisemi tunakili. Nauliza jambo moja tu: je, watoto wa mwaka 2016 walizaliwa na mioyo imara kuliko ile ya kaka zao wa 1998? Kama kunywa na kutokunywa ni suala la tabia ya mtu binafsi peke yake, inakuwaje tabia njema ikaongezeka nchi nzima kwa pamoja, katika muda usiofika miaka ishirini, baada ya wakubwa kubadili mwenendo wao? Mwenye kusema "kajitakia" anatudai maelezo ya hilo.

Sisi nasi tulipata kuionja nusu yetu kidogo. Kwa miaka mingi pombe kali iliuzwa Tanzania katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, ambavyo vilining'inia dukani pamoja na pipi na sabuni za unga. Kiroba kilikuwa na sifa zote ambazo adui wa mtoto angezitaka: kinaingia mfuko wa kaptula, hakigongani wala hakilii kama chupa, na bei yake ni ile ambayo mtoto aliyepewa nauli anaweza kuimudu akiamua kutembea kwa miguu. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Waliolalamika walisema mnywaji atakunywa tu. Huenda, kwa mnywaji wa miaka arobaini. Lakini mtoto wa darasa la saba si mnywaji. Ni mtu aliyepita dukani. Bei na ukaribu ndivyo vinavyomkamata yeye. Jirani zetu wa Kenya walilijua hilo kwa uchungu: Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu yenye methanoli, pombe ambayo mitaani iliitwa kumi kumi kwa sababu glasi yake ilikuwa shilingi kumi. Jina lake lilikuwa bei yake.

Marufuku pekee haitoshi. Vichupa vidogo vilikuja baada ya viroba, na gongo haijapata kuomba leseni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na kwamba ndiyo inayobeba sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya vifo vya watu wa miaka 20 hadi 39, umri ambao mtu anapaswa kuwa akiwazika wazee wake. Ukubwa wa namba hiyo hutufanya tuigeukie serikali, na serikali tuigeukie kwa haki. Lakini vihatarishi vingi havikai wizarani. Timu zetu kubwa za mpira zimewahi kuvaa jina la bia kifuani, na sisi tukawanunulia watoto jezi hizo wavae shuleni siku ya michezo. Ni mimi na wewe tunaomtuma mtoto wa miaka tisa, "Kimbia kaninunulie bia mbili baridi, chenji chukua wewe." Mwenye duka hamwulizi umri, kwa kuwa anajua ametumwa. Ametumwa mara hamsini, anaijua njia, anajulikana dukani. Siku atakapojituma mwenyewe hakuna atakayegundua tofauti.

Mwaka jana niliitwa katika kamati ya kipaimara cha binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Bajeti ilisomwa: turubai, muziki, keki, ng'ombe, na kreti ishirini za bia. Nikauliza kama, kwa kuwa sherehe ni ya mtoto, na wenzake wa darasa la mafundisho ndio watakaotumwa kugawa chupa mezani, haiwezekani siku ile moja tukanywa soda na maji. Wajumbe walicheka kwa heshima. Mwenye shughuli alinifuata baadaye mlangoni, akanishika mkono. "Mzee, nimekuelewa kabisa," alisema. "Hata mimi nimeliwaza hilo. Lakini rafiki zangu watanionaje?"

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu.